Kisiki, Chipua

…bado kurasa tatu, nazihesabu kwa sauti ya karatasi tu, sigeuki, mtu akigeuka ataonekana ana neno, nimekaza macho mbele kwenye foleni ya magari yanayongoja kuingia hifadhini, magari matano mbele yetu, injini zimezimwa, mlinzi wa geti anapita dirisha hadi dirisha na kitabu chake cha wageni, anaandika jina la kila mtu polepole kama anayechonga mhuri, na nyuma yangu binti yangu anasoma daftari langu la safari, kidole chini ya neno, “Sa-fa-ri ya ta-no. Ba-ba a-li-sa-hau chu-pa ya chai,” na wifi yangu aliyekaa naye huko nyuma anacheka kicheko chake cha zamani, cha kifua kizima, sijakisikia miaka miwili, “Baba yako huyo, hata masikio angeyasahau nyumbani kama yangekuwa ya kuvua,” na mume wangu anagonga usukani kwa vidole, “Sikusahau mimi, niliambiwa imo kwenye mkoba,” kisha wananisubiri, kwa sababu katika familia hii mimi ndiye ninayejua, nasema, “Ilibaki juu ya friji, kando ya mkate,” na mume wangu anainua mikono kama aliyekamatwa, yamekwisha, daftari limesema… daftari limesema, ndivyo wanavyosema hata nyumbani kwa mama mkwe, wakibishana nani alizaliwa kabla ya nani na nani alivunjika mkono siku ya harusi ya nani, mmoja atasema tu “ulizeni daftari” na ubishi unakufa papo hapo, nami huwa naleta daftari, nafungua ukurasa, nasoma bila kutia chumvi, nafunga, na nilikuwa naona fahari, Mungu anajua nilikuwa naona fahari, miaka kumi na moja masjala nikipanga majalada, nikipanda ngazi ile ya chuma na kushuka, folio moja, folio mbili, hakuna barua iliyopotea mikononi mwangu, na bosi akimfundisha karani mpya anamleta kwangu, “Mwonyeshe kosa linavyorekebishwa,” nami namwonyesha, hatufuti kwa raba, hatupaki rangi nyeupe, tunapiga mstari mmoja tu juu ya kosa ili kosa lisomeke, tunaandika lililo sahihi juu yake, tunatia saini pembeni, kosa lazima lisomeke, nimelisema hilo kwa makarani wangapi, sita, saba, na daftari langu mwenyewe…

“Mama, hapa umeandika ‘konokono’ au ‘kono kono’?” “Konokono, neno moja.” “Walikuwa wangapi?” “Kumi na wanne.” “Ulihesabu?” “Nilihesabu.” “Mama yako,” wifi anasema, “angehesabu na miguu yao kama wangekuwa nayo,” na mtoto anacheka hadi anapaliwa, na mimi natabasamu kwenye kioo cha mbele ambapo hakuna anayeniona, gari la kwanza limeingia, sasa manne, mume wangu anawasha, anasogea, anazima. Kurasa mbili na nusu. Safari ya tano, safari ya sita, halafu safari ya saba, daraja la mbao. Ningemwambia macho yatachoka. Ningemwambia kusoma garini kunaleta kichefuchefu, lakini gari limesimama, naye hana kichefuchefu, ana miaka sita na amejua kusoma mwezi wa pili huu, anasoma kila kitu, anasoma mfuko wa unga, anasoma bango la fundi viatu, anasoma maandishi ya kwenye bomba la dawa ya meno huku povu linamtoka mdomoni, na wiki iliyopita tulipomuuliza siku yake ya kuzaliwa anataka nini akasema kama mtu aliyekwisha kulifikiria siku nyingi, “Nataka twende kutembea porini, shangazi aje, na mama abebe daftari nimsomee shangazi safari zote,” na mume wangu akanitazama mimi, nami nikatazama bakuli nililokuwa naosha, maana tangu siku ile shangazi hajaja nasi, tumekwenda safari mbili bila yeye, hakuna aliyemkataza, aliacha tu kuja, kila tukimwambia alikuwa na sare za kushona, shule zinafungua, shule zinafunga, wateja wananisumbua, wifi, nendeni tu… na leo alfajiri kaja kasimama mlangoni na kofia aliyoishona mwenyewe ya kumpa mtoto, ya kijani, ukingo mpana, ndani kaandika kwa uzi jina la utani la mtoto, Chiriku, na mimi kanipa mkono tu, mkono na mkono wa pili juu yake, kwa heshima, kama anayemsalimia mwalimu mkuu.

Chiriku tulimpa jina hilo akiwa na miaka miwili, kwa kusema, hakuwa na breki, tulianza kwenda hifadhini akiwa bado mgongoni kwa baba yake kwenye begi la kubebea, na hata huko mgongoni alikuwa anasema, na alipojua kutembea alitembea akisema, mama kwa nini mti una ngozi, mama nyani ana shangazi, mama mto ukichoka unalala wapi, na mimi nilijibu, wiki nzima nimejibu simu za watu wanaotafuta majalada yao na Jumamosi najibu mto unalala wapi, na mbele anatembea mwongozaji, kijana mpole mwenye redio ya mawasiliano kiunoni, anageuka na kidole mdomoni, “Mtoto akinyamaza kidogo tutaona kitu,” anasema kwa adabu lakini nilisikia, kila mtu alisikia, mama mwenye mtoto asiyejua kunyamaza, ndipo nikauvumbua ule mchezo, safari ya nne, haumo kwenye safari ya nne, sikuuandika, ilikuwa siri yetu, nilimwinamia sikioni nikamwambia, nikisema kisiki, wewe ni kisiki, kisiki hakisemi, hakisogei, hakicheki hata nyani akikitekenya, hakimjibu mtu, mtu yeyote, mpaka mimi niseme chipua, nikisema chipua unachipua, unaruka, unapiga kelele zote ulizoziweka, na ukiweza umeshinda. Aliweza. Alipenda kuliko pipi. Dakika mbili, dakika tano, mume wangu akasema, “Huyu mtoto leo vipi, mgonjwa?” nikasema, “Anakua,” na yule kijana akanisifu, mama umemlea, nami nilikula ile sifa kama chakula, na nikamwambia mtoto asimwambie mtu, mchezo wetu mimi na wewe, na akashika, akaapa kwa kidole kidogo…

“Sa-fa-ri ya si-ta,” anasema nyuma yangu, “Shangazi, na hii ulikuwepo! ‘Wifi a-li-te-le-za kwenye ma-to-pe a-ka-ka-li-a embe.’” “Uongo huo!” “Imeandikwa!” “Aliandika hadi embe? Wifi, jamani, embe nalo?” nasema, “Lilikuwa bivu,” na wanacheka wote watatu, na mume wangu anageuka nusu kumtazama dada yake kwa macho ambayo sijamwona akimtazama nayo siku nyingi, anasema, “Suruali ile uliitupa?” anasema, “Nilikatia vitambaa vya kufutia mashine, kaka, mimi situpi kitu,” na nawaza, sasa hivi wanapatana, sasa hivi, kwenye foleni, bila mimi kufanya lolote, labda ndivyo mambo yanavyopona, yanajifunika yenyewe, labda nikikaa kimya tu dakika tano zaidi geti litafunguka tutaingia, tutavaa mabuti, mtoto ataliacha daftari garini… nikae kimya, hilo nalijua, ndilo ninalolijua kuliko yote.

Daraja la mbao lilikuwa na mbao kumi na tisa, ya saba ilikuwa imevunjika. Niliandika hilo. Mume wangu alikuwa ametangulia na yule kijana mwongozaji kutazama nyayo, wifi aliteremka mtoni kuosha tope kwenye kiatu, alikuwa anaimba, alikuwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na Chiriku alikuwa ananiuliza samaki wakilia machozi yanakwenda wapi, mara ya nne, ya tano, na mimi… sikuwa na hasira, watu wangeelewa kama ningekuwa na hasira, nilikuwa nimechoka tu, nilitaka kusikia maji yenyewe, maji matupu, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, basi, nikamketisha katikati ya mizizi ya ule mti mkubwa, mizizi iliyosimama kama kuta, ndani yake kama kijumba, nikamwambia, “Kisiki,” akafumba mdomo, akakumbatia magoti, akang’aa kwa furaha, nikaondoka. Sikumwambia wifi. Sikumwita, sikumwonyesha kwa mkono, sikumtazama hata kumtazama, nilipita nyuma yake, na yeye akiimba, nikafuata njia mpaka kwenye kona, nikapita kona, kulikuwa na gogo nikakaa, na kulikuwa kimya, kimya kizuri sana, sijawahi kumwambia mtu jinsi kilivyokuwa kizuri, nilivua kofia, nilifumba macho, nilisahau kwamba mimi ni mama wa mtu, kisha nilipoinuka nikashika njia nyingine, kulikuwa na njia mbili sikuona, nikatokea upande wa juu wa daraja, miti yote mikubwa, mizizi yote kuta, na wifi amesimama na viatu vyote miguuni ananiuliza kwa uso mkunjufu, “Chiriku yuko wapi, si mlikuwa wote?”

Si mlikuwa wote. Ndivyo alivyosema, maneno matatu, na hayo sikuyaandika.

Magari matatu. Mlinzi wa geti amefika kwenye gari la pili mbele yetu, anaulizia jina, anaulizia tena, anaweka sikio karibu na dirisha, mtu mwangalifu, ningempenda masjala. “Mama, naweza kunywa maji?” “Kunywa.” Nasikia kifuniko, nasikia anameza, daftari limelazwa kwenye mapaja ya wifi, naliona kwa kioo cha pembeni nikiinamisha shingo kidogo, jalada la bluu, kona zimeliwa, juzi nilitaka kuung’oa ule ukurasa, mchana, nikiwa peke yangu jikoni, nililishika lakini ni daftari la kushonwa, karatasi pacha, ukivuta huu na mwenzake wa upande wa pili unalegea, na mwenzake ndio ule wa siku alipotembea hatua zake za kwanza hifadhini, hatua saba, kutoka kwa baba yake mpaka kwa shangazi yake, ndizo nilizoandika, mpaka kwa shangazi yake… nikalirudisha kabatini. Wangeuliza pia. Mtu mwenye daftari lisilokosa ukurasa, ukikosekana mmoja wanauliza.

Tulimwita. Mume wangu aliita mpaka sauti ikakwama, yule kijana akapuliza filimbi, redio ikaanza kukoroma, wifi alikimbia kando ya mto akitazama majini, akitazama majini na kushika kichwa, na kijana akarudi akatuuliza sote, hakuuliza kwa ubaya, ni utaratibu wa kazi yake, “Mara ya mwisho mtoto alikuwa na nani?” na nikaona macho ya mume wangu yananijia, na kabla hayajafika mdomo wangu ulikwisha kusema, “Nilimwachia shangazi yake.” Sikulipanga. Lilitoka likiwa limekamilika, safi, kama jalada lililokuwa tayari kwenye rafu linangoja kuombwa. Wifi aligeuka, akafungua mdomo, akatazama mto, akatazama kiatu chake, nikamwona anajitafuta, nikamwona anarudi nyuma kichwani mwake kuitafuta sauti yangu katika ile kelele ya maji, na kaka yake hakumpa nafasi, alimwambia mbele ya kijana yule, mbele yangu, “Mtoto mmoja tu! Unaachiwa mtoto mmoja tu! Ungekuwa na wako ungejua!” na wifi hajajaliwa mtoto, kila mtu anajua, kila mtu anajua alivyohangaika hospitali hii na ile mpaka ndoa yake ikavunjika, hatulisemi kamwe, ni neno ambalo familia nzima inalizunguka kama shimo katikati ya uwanja, na kaka yake akamsukumia humo mchana kweupe, kwa sababu yangu, kwa maneno niliyompa mimi. Hilo nalo sikuliandika. Nilikuwa natazama saa. Nilizoea kutazama saa. Saa nne na dakika thelathini na moja nikalikumbuka neno. Kisiki. Yuko hapahapa. Hajapotea, amekaa, anatusikia sote, hajibu kwa sababu hakuna aliyesema chipua, na neno likanijaa mdomoni, ningepiga ukelele mmoja tu, CHIPUA, angetoka, lakini wangeuliza, chipua nini? chipua ndiyo nini? na mume wangu angejua nilimkalisha, na wifi angejua, amekwisha kuambiwa alichoambiwa, na mimi nikaita jina lake kama wao, kwa sauti kubwa, nikijua jina halitamtoa, niliita jina la mtoto wangu kwa sauti kubwa ili wanisikie naita. Huku natafuta njia ya kuwa peke yangu. Nikasema nakwenda kutazama juu. Nikapanda, nikazunguka, nikazungukia nyuma ya miti, mmoja, wa pili, na nilipoacha kuwaona nikanong’ona, chipua, chipua mwanangu, mti baada ya mti, kama mwizi anayejaribu funguo, na kwenye mti wa tano mizizi ikacheka. Saa nne na dakika arobaini. Alitoka amelowa suruali, visiki haviendi chooni, miguu imekufa ganzi hawezi kusimama, mdudu kamuuma kope, na akanishika shingo akasema, “Mama, nimeshinda?” Dakika tisa. Tangu nikumbuke mpaka niseme, dakika tisa. “Nilimsikia shangazi analia, mama, nikataka kumwambia niko hapa, lakini nikajikaza.” Nikamwambia, “Umeshinda.” Nikamwambia, “Usimwambie mtu.” Alikuwa na miaka minne.

Na jioni ile nikaandika. Ningeweza kuacha ukurasa mtupu, lakini mimi siachi ukurasa mtupu. Niliandika tarehe, hali ya hewa, mbao kumi na tisa, kisha nikaandika kwa mwandiko wangu wa masjala ambao hata mtoto wa miaka sita anausoma… na wiki mbili baadaye wifi alikuja nyumbani, nilikuwa nachambua mchele, akasimama mlangoni hakuketi, akasema, “Wifi, mimi sikusikia uliponiambia. Kelele za maji. Naapa sikusikia, lakini kama ulisema ulisema. Nisamehe,” na nilikuwa na punje mkononi, chuya tatu, nazikumbuka, nikasema, “Yamekwisha, wifi.” Nilimsamehe. Mimi nilimsamehe yeye. Akanishukuru, akafuta macho kwa kanga, akachukua ungo upande wa pili akanisaidia kuchambua, tukachambua mpaka mwisho… na mtoto, tangu hapo, mwalimu anasema ana mtoto mpole darasani, watu wananisifu, jina limebaki Chiriku lakini kuna siku baba yake na mimi tukijibizana namkuta nyuma ya kochi, magoti kifuani, macho yamekodoka, sijamwambia kisiki, sijasema kitu, amejigeuza mwenyewe, nami naangalia kushoto na kulia nisisikike, namnong’oneza lile neno, ndipo anapumua.

“Sa-fa-ri ya sa-ba,” anasoma.

“Hapo turuke, mama,” wifi anamwambia mtoto upesi, na sauti imebadilika, imekuwa ndogo, “turuke twende ya nane, hiyo ya saba mimi naijua.” “Lakini shangazi, ulikuwepo!” “Ndiyo maana naijua. Nisomee ambazo sikuwepo.” Mume wangu ameacha kugonga usukani. Anasema, “Mwache shangazi yako, ruka,” na hamtazami dada yake, ametazama boneti kana kwamba kuna ndege ametua, na mimi nawaza asante, nawaza asanteni, wenyewe wananiokoa, wote wawili wana aibu ya kitu changu, wamegawana, yeye kachukua ya kutosikia na kaka yake kachukua ya kusema, na mimi ambaye ni mwenye mali nimekaa hapa mbele na mkanda kifuani na mkoba mapajani. Lakini Chiriku ana kidole kwenye mstari, na akiwa na kidole kwenye mstari hang’oki, huo ni ugonjwa wangu mimi, kautoa kwangu, “Kidogo tu! ‘Da-ra-ja la mbao li-na mbao ku-mi na ti-sa. Ni-li-mwa-mbi-a wi-fi…’” na hapo anasimama. Mlinzi wa geti bado yuko kwenye dirisha la gari la pili mbele yetu, anacheka na dereva. “Mama. Hivi vimkia ni nini? Vya hapa juu. Viko viwili hapa na viwili kule mwisho.” Najua vilipo, sihitaji kuviona, nilimwambia wifi, na vimkia viwili, niangalizie mtoto, na vimkia viwili. “Aa, najua!” anasema, “Mwalimu katufundisha Alhamisi! Ni alama za usemi. Unaziweka kama mtu amesema kweli, kwa mdomo wake. Kama hakusema huziweki, ni kosa.” “Vizuri,” anasema baba yake, “sasa ruka.” “‘Ni-a-nga-li-zi-e mto-to.’ Mtoto ni mimi?” “Ni wewe.” “Mama ulisema hivi? Mama?” na ni kitu gani kiko katika sauti ile, si ujanja, hana ujanja, ni mtu anayelinganisha vitu viwili alivyo navyo, alikuwepo, alikuwa kijumbani mwake kwenye mizizi, neno la mwisho alilolisikia kwangu nilipomwacha si hilo, anajua ni lipi, amelitunza miaka miwili kwa kidole kidogo, hata sasa halitaji, ananingoja mimi. “Si imeandikwa?” anasema mume wangu. “Mama yako akiandika, imesemwa.” Na wifi, wifi yangu, anaweka mkono, nauona kwenye kioo cha pembeni, kiganja chenye alama za sindano, anauweka juu ya ukurasa taratibu kama anayefunika kitu kilicholala, “Alisema, mama,” anamwambia mtoto, “mama yako alisema. Shangazi ndiye hakusikia, maji yalikuwa na kelele sana.”

Alisema. Anashuhudia kwa ajili yangu. Hakuna tena anayenituhumu ndani ya gari hili, nimeshinda, mama nimeshinda, ningekaa tu, nijikaze, nisisogee, gari la mbele litaondoka na tutaondoka na ukurasa utafunikwa na nitakuwa nimeshinda mpaka nife, na yule mtoto kule nyuma atakuwa amejifunza Alhamisi kwamba vimkia huwekwa kwa kilichosemwa na leo kwamba si lazima, amejifunza kwangu, kwa mwandiko mzuri… mbona amenyamaza. Naangalia kwenye kioo, kofia ya kijani imeinama, magoti yamepanda kwenye kiti, mikono imeyazunguka, amekuwa kisiki, mbele ya watu wote, hajali, na hakuna anayejua isipokuwa mimi, baba yake anafikiri amenuna, na hapa siwezi kunong’ona, hapa hakuna pa kupanda, hakuna kona, gari dogo, watu wanne, chochote nitakachokisema kitasikiwa na kila mtu. Magari bado matatu. Mlinzi analamba kidole anageuza ukurasa wa kitabu chake. Natafuta kalamu mkobani, ipo, nyeusi, ya ofisini, mstari mmoja tu, kosa lisomeke, saini pembeni, lakini kwanza mdomo, niliandika kwa mkono lakini nilianza kwa mdomo, na nafungua mkanda, mume wangu anasema, “Unakwenda wapi, foleni inasogea,” na haisogei, na ndipo nageuka, na mabega na kiuno na uso mzima, nawatazama walio kiti cha nyuma kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mkono wa wifi uko palepale juu ya maneno yangu.

“Chipua,” namwambia mtoto, kwa sauti. Kisha, “Wifi. Sikusema.”